Mchagua Jembe si Mkulima

Katika methali zote nilizowafundisha watoto kwa zaidi ya miaka thelathini, hakuna niliyoitumia mara nyingi kuliko hii ya jembe. Mtoto akilalamika kwamba rula yake imepinda, nilimwambia mchagua jembe si mkulima. Mwalimu kijana akija ofisini kusema chaki zimekwisha, nilimwambia hivyo hivyo. Methali hii ina faida moja kubwa kwa mwalimu mkuu wa shule isiyokuwa na vifaa: hufunga mjadala, wala haigharimu senti. Sasa nimestaafu, na muda ninao, nimeona niihakiki methali yenyewe kama nilivyokuwa nikihakiki mashairi mbele ya wanachuo, nione kama inasimama au inayumba. Nimeihakiki kwa kifaa ambacho sikutarajia kukishika uzeeni, yaani bastola ya mashindano.

Msomaji asishtuke. Mimi si mtu wa silaha, wala sina hamu ya kumiliki moja. Ila mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana leseni, na kwa miaka kadhaa amekuwa akishiriki mashindano ya kulenga shabaha. Siku moja alikuja nyumbani akiwa na furaha nyingi. Alikuwa ameacha bastola yake ya kwanza, aina ya Glock 34, na kununua nyingine ya Kicheki, CZ Shadow 2, na tangu hapo alama zake zilikuwa zimepanda. "Mjomba," akaniambia, "kumbe tatizo halikuwa mimi. Ilikuwa bastola." Unaweza kukisia, msomaji, nilimjibu nini. Akacheka, akasema, "Basi njoo Jumamosi uwanjani, Mjomba, ushike zote mbili, ndipo uniambie habari za jembe."

Nilikwenda. Akaondoa magazini, akavuta nyuma kifuniko cha juu, akanionyesha chumba cha risasi kitupu, ndipo akanipa. Nilishika ya kwanza, kisha ya pili. Tofauti haikuhitaji mizani. Glock ile, ambayo kiunzi chake ni cha plastiki ngumu, ina takriban gramu 700 bila risasi. Shadow 2, ambayo kiunzi chake ni cha feleji tupu, ina gramu 1,330. Moja ni karibu maradufu ya nyingine, na zote mbili zinatumia risasi ile ile ya milimita 9.

Kabla ya kutoa hukumu yafaa tujue zilikotoka. Glock ya kwanza, namba 17, ilipokelewa na jeshi la Austria mwaka 1982. Ilitengenezwa iwe bastola ya askari, mtu anayeibeba kiunoni kutwa nzima na huenda asiifyatue mwaka mzima. Kwa mtu huyo kila gramu iliyopunguzwa ni neema. CZ 75, ambayo ni bibi yake Shadow, ilibuniwa Chekoslovakia na ndugu wawili wa ukoo wa Koucký, nayo pia ilikusudiwa iwe silaha ya kazi. Lakini mjukuu wake aliyetoka mwaka 2016 hakuzaliwa kwa ajili ya kiuno cha askari. Alizaliwa kwa ajili ya uwanja wa mashindano, mahali ambapo bastola hubebwa dakika chache na kufyatuliwa mara nyingi mno. Hili ni jambo la kwanza ambalo mhakiki hana budi kuliweka wazi, kwani ni dhuluma kulilaumu jembe la palizi kwamba haling'oi visiki.

Mashindano anayoshiriki mpwa wangu yana shirikisho lake la dunia, IPSC, lililoundwa mwaka 1976 huko Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, na rais wake wa kwanza alikuwa Jeff Cooper. Kaulimbiu yao ni maneno matatu ya Kilatini yenye maana ya usahihi, nguvu na kasi. Mlengaji hupewa shabaha kadhaa zilizotawanywa, naye huzipiga akitembea, akigeuka, akichomoa bastola kwenye ala yake. Mwisho, alama alizopata hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Kwa hiyo mtu sahihi lakini mzito hashindi, na mwepesi lakini ovyo hashindi.

Neno lile la katikati, nguvu, ndilo mzizi wa mambo yote nitakayoeleza. Ingekuwa rahisi kwa mtu kujaza baruti kidogo sana ili bastola isimpige teke, akafyatua kama anayecheza na manati. Waliotunga kanuni waliliona hilo. Waliweka kipimo: uzito wa risasi, kwa vipimo vyao vya Kiingereza, uzidishwe kwa kasi yake, kisha ugawanywe kwa elfu moja, na jawabu lisipungue 125. Nilipoelezwa kanuni hii nilitabasamu, kwa sababu niliifundisha miaka mingi kwa jina jingine. Uzito mara kasi ni momenta, na watu wa shabaha wameiandika katika sheria zao pengine bila kujali kwamba Newton aliwatangulia.

Hebu tufanye hesabu kidogo, kwa maana bila hesabu uhakiki huu utakuwa porojo. Risasi ya gramu 8 ikitoka kwa kasi ya mita 310 kwa sekunde inatimiza kipimo hicho kwa unono mdogo tu. Momenta yake ni karibu 2.5. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, bastola nayo inapata momenta hiyo hiyo kuelekea nyuma, na wala hakuna fundi duniani awezaye kuifuta. Lakini tazama inavyogawanyika. Bastola ya gramu 700 ikiwa huru angani ingerudi nyuma kwa kasi ya mita 3.5 kwa sekunde. Ya gramu 1,400 ingerudi kwa nusu ya kasi hiyo. Na nishati, ambayo huenda na mraba wa kasi, ingekuwa jouli 4.4 kwa nyepesi na jouli 2.2 kwa nzito. Risasi ni ile ile na tundu kwenye shabaha ni lile lile, ila nishati inayofika mkononi ni nusu. Hapo nikamtazama mpwa wangu kwa jicho jingine. Kanuni imezuia kupunguza nguvu ya risasi, basi akili zote za mafundi zimegeukia bastola yenyewe.

Lakini mtu akiishia hapo atadhani kila gramu ni sawa na gramu nyingine, na hili ndilo kosa ninaloliona katika mazungumzo mengi ya walengaji na katika matangazo ya wauzaji wa vifaa. Wanauza uzito kama muuza nyama: kilo ni kilo. Sivyo. Kuna maswali mawili ambayo lazima yaulizwe kabla ya kufungua pochi. La kwanza, je, uzito huo uko kwenye kipande kinachokaa au kipande kinachokimbia? La pili, uko umbali gani kutoka kifundo cha mkono?

Tuanze na la kwanza. Bastola ya namna hii ina sehemu mbili kubwa: fremu, ambayo ndiyo kiunzi kinachoshikwa na mkono, na slaidi, ambayo ni kifuniko cha juu kinachokwenda nyuma na kurudi mbele kila risasi inapotoka. Watu hulizungumzia teke kana kwamba ni moja. Nilipotazama kwa makini, na mpwa wangu akinieleza, nilihesabu mishtuko mitatu. Kwanza ni mlipuko wenyewe. Pili, slaidi inapofika mwisho wa safari yake nyuma na kugonga fremu. Tatu, springi inapoirudisha mbele na kujifunga kwa kishindo, mdomo wa bastola huinama chini kidogo. Mishtuko hii yote hupita kwa muda mfupi kuliko kufumba jicho, lakini mlengaji mzuri hufyatua risasi yake ya pili baada ya robo ya sekunde au hata chini yake, kwa hiyo kila mshtuko unamhusu.

Sasa, katika Glock uzito mwingi uko kwenye slaidi na mtutu, kwa sababu fremu ni ya plastiki. Yaani zaidi ya nusu ya bastola ndiyo inayokimbia huku na huko, na kilichobaki mkononi ni chepesi mno kuituliza. Waliotengeneza Glock 34 walilijua tatizo la slaidi. Walipoirefusha kwa ajili ya mashindano walikata tundu refu juu yake ili uzito usiongezeke, maana slaidi ikibadilika uzito, springi na mwendo wote hubadilika. Wageni wengi hudhani tundu lile ni pambo. Katika CZ mambo yamepinduliwa. Slaidi yake hutembea ndani ya reli za fremu badala ya kuifunika kwa nje, kwa hiyo imebaki nyembamba na nyepesi, nayo fremu ya feleji imenenepa. Uzito umewekwa kwenye kipande kinachokaa. Huu ndio ubora wake hasa. Anayesema "Shadow ni nzuri kwa kuwa ni nzito" amesema nusu ya kweli, kama mwanafunzi anayeandika jawabu sahihi bila kuonyesha njia. Mimi mtoto wa namna hiyo nilikuwa nikimpa nusu ya alama.

Swali la pili, la umbali, ni la ufagio. Shika ufagio wa mti mrefu katikati ya mpini, uuzungushe kwa kifundo cha mkono. Kisha shika mwishoni, uuzungushe tena. Uzito haukubadilika hata chembe, lakini mkono utakuambia habari tofauti kabisa. Ugumu wa kukizungusha kitu hukua kwa mraba wa umbali: gramu 100 zilizo sentimita 20 kutoka kifundo huzuia mzunguko mara nne zaidi ya gramu 100 zilizo sentimita 10. Na mdomo wa bastola kuruka juu ni mzunguko, kwa sababu mtutu uko juu ya mkono na nguvu inarudi kwa mstari ulio juu ya kifundo. Ndiyo maana waliobuni Shadow 2 walifanya mambo mawili kwa pamoja. Waliiongezea fremu uzito chini ya mtutu, kule mbele, na walichonga sehemu ya nyuma ya mpini na chini ya kilinzi cha kifyatulio ili mkono upande juu zaidi, karibu na mstari wa mtutu. La kwanza hufanya mdomo uwe mvivu kuinuka, la pili hufupisha mkono wa wenzo unaouinua.

Hapo ndipo nilipoanza kuyahakiki marekebisho ya mpwa wangu. Baada ya kununua bastola hakutulia. Alikuwa ameondoa vibao vya alumini vya pembeni mwa mpini, akaweka vya shaba ya njano. Shaba ya njano ina uzito mara tatu ya alumini kwa ujazo ule ule, na bei yake haikuwa ya mchezo. Nilimwuliza: vibao hivi viko wapi? Akasema, "Mkononi, Mjomba." Nikamwambia, basi umenunua uzito ukauweka mahali ambapo unafanya kazi ndogo kabisa ya kuuzuia mdomo, lakini bega lako linaulipia mshahara kamili. Alikubali shingo upande. Kisha akaniambia jambo ambalo hakulitaja siku ile ya furaha: tangu aweke vibao vile, anapohama kutoka shabaha moja kwenda nyingine, bastola inapitiliza. Jicho limeshafika, mikono imeshafika, lakini chuma kinaendelea na safari yake, naye hulazimika kukirudisha.

Ni jambo la kawaida kabisa. Uvivu ule ule wa tungamo unaozuia mdomo usiruke ndio unaozuia bastola isianze kwenda na, ikishaanza, isisimame. Ukiukaribisha kwa kazi moja hauwezi kuufukuza kwa kazi nyingine. Katika shindano ambalo shabaha ziko pamoja na risasi ni nyingi kwa kila shabaha, uzito ni rafiki. Shabaha zikiwa mbali mbali, na mtu achomoe, ageuke, akimbie, uzito unaanza kudai. Mpwa wangu alirudisha vibao vya alumini. Sikuambiwa vile vya shaba vilikwenda wapi.

Kuna marekebisho mengine nisiyoweza kuyapita kimya. Katika daraja la mashindano liitwalo Open, ambapo karibu kila kitu kinaruhusiwa, bastola huwekewa kifaa mdomoni chenye matundu kinachoelekeza gesi ya baruti juu, ili gesi hiyo iusukume mdomo chini. Hukiita kompenseta. Juu huwekwa darubini ndogo ya nukta nyekundu. Mmarekani Doug Koenig alitwaa ubingwa wa dunia wa mwaka 1990 akitumia nukta ya namna hiyo, na baada ya hapo katika daraja lile hakuna aliyetazama nyuma. Ninaipenda kompenseta kwa sababu haiongezi uzito tu: inaiajiri gesi ambayo ingepotea bure. Lakini ina sharti lake. Lazima gesi iwepo ya kutosha, la sivyo umefunga kipande cha chuma mdomoni kwa ajili ya sura. Wapo wanaofanya hivyo, wakafurahi kwamba bastola imetulia, kumbe kilichowasaidia ni gramu za kile chuma kule mbele.

Nafikia sasa jambo lililonigusa mimi binafsi. Mpwa wangu alinionyesha zoezi la kale la walengaji. Bastola ikiwa tupu, sarafu huwekwa juu ya slaidi karibu na mdomo, kisha kifyatulio huvutwa polepole. Sarafu ikianguka, kidole kimeharibu. Alifanya kwa Glock, sarafu ikaanguka mara mbili katika kumi. Alifanya kwa Shadow, haikuanguka. Nikaelewa mara moja: kidole kinasukuma kifyatulio kwa nguvu ya kilo kadhaa, na kama bastola yenyewe ina gramu 700 tu, kidole kina nguvu ya kuiyumbisha kuliko bastola ilivyo na uzito wa kukataa. Chuma kizito hukataa. Hili naliona kubwa kuliko habari yote ya teke, kwa sababu teke huja baada ya risasi kutoka, lakini kosa la kidole huja kabla. Walengaji wengi wanaosifu fremu nzito kwa kutuliza teke, nadhani wanaisifu kwa kazi isiyo yake. Imewafichia kidole kibovu.

Kisha akaniambia, "Jaribu, Mjomba." Nilisita. Kwa miaka sita sasa mikono yangu hutetemeka. Daktari alinieleza kuwa si ugonjwa wa kuua, ni tetemeko linalokuja na umri na pengine na damu ya ukoo, na akanipa propranolol, dawa ya moyo inayotumika pia kupunguza tetemeko. Nikishika kikombe kilichojaa, mke wangu hutazama pembeni kwa adabu. Nilinyoosha Glock, sarafu haikukaa hata kabla sijagusa kifyatulio. Nilinyoosha Shadow. Tetemeko halikwisha, lakini lilipungua mwendo, likawa kama mtumbwi kwenye wimbi refu badala ya bati kwenye upepo. Sarafu ilikaa. Nikavuta, ikakaa. Baada ya nusu dakika bega likachoka, mkono ukaanza kushuka, na sarafu ikaanguka kwa sababu nyingine kabisa. Mpwa wangu hakusema neno. Naye pia ana adabu.

Mjadala huu wa uzito na bega umekwisha kuamuliwa katika mchezo mwingine, ule wa Olimpiki, ambapo bastola hunyooshwa kwa mkono mmoja. Kanuni za bastola ya hewa ya mita 10 zinaruhusu hadi gramu 1,500. Kama uzito ungekuwa baraka tupu, kila mtu angefika kwenye mpaka huo. Lakini bastola nyingi za mchezo huo hutoka kiwandani zikiwa karibu na kilo moja, na vipande vya kuongeza uzito huja pembeni, mlengaji aongeze kidogo kidogo mpaka mkono wake useme basi. Ana risasi 60 za kupiga, na kwa kila moja lazima anyanyue upya. Huko uzito huchaguliwa kama dawa: kipimo cha mtu huyu si kipimo cha yule.

Na historia ya Olimpiki ina ushahidi wa pande zote mbili za methali yangu. Mhangari Károly Takács alivunjwa mkono wa kulia na bomu la kutupwa mwaka 1938. Alijifundisha kulenga kwa mkono wa kushoto, na akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Kwa mtu huyu methali inasimama wima kama mnazi. Lakini mwaka 1956, kwenye Olimpiki ya Melbourne, Wasovieti walikuja na bastola iliyogeuzwa, mtutu ukiwa chini, sambamba na mkono, ili mdomo usipate pa kuinukia. Baadaye kanuni ikatungwa kwamba mstari wa mtutu lazima upite juu ya pengo la kidole gumba na cha shahada. Mwaka 2005 bastola zile za kasi zilibadilishiwa kanuni tena. Zilizokuwa na risasi fupi dhaifu, vifyatulio vyepesi mno na mipini iliyofumbata mkono mzima, ziliondolewa, na kifyatulio kikatakiwa kihimili gramu 1,000. Kama jembe halina maana, mbona watu wazima hukaa mezani kulipigia marufuku?

Mwaka 2024 wajukuu wangu walinionyesha picha ya Mturuki Yusuf Dikeç, mwenye umri wa miaka 51, aliyetwaa fedha pamoja na mwenzake wa kike katika mashindano ya Paris. Dunia nzima ilimshangilia: mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida, hana vikorokoro usoni kama wenzake. "Babu, huyu hana vifaa!" Nami nilishangilia, nikasema methali yangu. Sasa naona nilikosea pamoja na dunia. Alikuwa ameacha vifaa vya usoni, lakini mkononi alikuwa na bastola ya hewa ya mashindano, iliyoundwa kwa kazi hiyo tu. Alichagua jembe lake sawasawa. Alichokataa ni mapambo yasiyomfaa yeye. Mkono mfukoni pia si madaha, maana walengaji wengi wa mkono mmoja huutia mfukoni au kwenye mkanda ili mwili utulie.

Na kuna jambo jingine linalonifanya nicheke peke yangu. Mwaka 2008 huko Beijing, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali zake mbili za bastola kwa sababu alipatikana na propranolol. Ni dawa ninayoimeza kila asubuhi na chai. Mkono unaruhusiwa kutulizwa kwa chuma, hauruhusiwi kutulizwa kwa kidonge. Nimelifikiri sana hili, na naona waliotunga kanuni wana haki, kwani chuma kila mtu hukiona mezani na hupimwa kwenye mizani mbele ya wote. Lakini tusijidanganye kwamba mmoja amesaidiwa na mwingine hakusaidiwa.

Hukumu yangu basi ni ipi? Fremu nzito ni nzuri pale uzito unapokuwa kwenye kipande kisichokimbia, ukawa mbele na si ndani ya kiganja, na mlengaji akawa na bega la kuubeba na shabaha zisizomtaka acheze kama swala. Marekebisho ni mazuri pale mtu anapoweza kusema yanatibu kosa gani. Asipoweza kulitaja kosa, ananunua tumaini. Na kwa anayeanza ningemshauri aanze na bastola nyepesi isiyomfichia kitu, sarafu ianguke mpaka kidole kijifunze, ndipo ahamie kwenye chuma. Mpwa wangu hapendi shauri hili, lakini anakiri kwamba ile Glock ilimfundisha kidole chake chote.

Ama methali, nimeipeleka kwa wakulima wenyewe. Jirani yangu ana majembe matatu. La kwanza zito, la kuvunjia udongo wa mfinyanzi wakati wa kiangazi. La pili jepesi, la palizi. La tatu limechakaa makali mpaka limekuwa fupi, huwapa wajukuu. Nilipomwambia mchagua jembe si mkulima aliniuliza, "Nani alisema hivyo, mtu wa mjini?" Methali inamfaa mvivu anayetafuta kisingizio. Haimfai mtu anayeijua kazi yake na kusema kwa uaminifu kwamba chombo hiki kinamkataa.

Nilikuwa na mtu kama huyo. Mwaka 1987, darasa la saba, kijana mmoja aliyekuwa na akili nzuri ya hesabu, mwandiko wake ulikuwa ukitambaa karatasini kama mchwa. Nilimsimamisha. Akasema, "Mwalimu, kalamu hii ni nyepesi, inanikimbia." Mikono yake ilikuwa ikitetemeka, nami nilidhani ni woga. Nikamsomea methali, darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Mfukoni nilikuwa na kalamu ya wino ya chuma, zawadi niliyopewa nilipotoka chuoni. Haikunijia hata mara moja kumpa ajaribu.

Makala haya nimeyaandika kwa kalamu hiyo hiyo. Nimeizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, tabaka tatu, ili iwe nene na nzito zaidi mbele, karibu na ncha. Bila hivyo, msomaji, usingeweza kuusoma mwandiko wangu.